Mifuko Minne ya Tumbo

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu anarudia mtihani wa mwili wa binadamu Alhamisi. Akianguka tena, chuo cha uuguzi kinamfungasha virago. Dada yangu kamwomba jirani, muuza dawa, amfundishe. Muuza dawa! Mtu wa vidonge, hajawahi kushika figo hata ya mbuzi. Mimi ni mwenye bucha. Ndani ya mnyama natembea kama sebuleni kwangu. Nimejitolea. Dada kaguna. Nimelihesabu guno kuwa ndiyo.

Jumanne, 4 Machi
Somo la kwanza, mezani kwa dada. Mapafu, moyo, ini, figo mbili. Nimepuliza koo la hewa, mapafu yakafura kama puto. Binti akaruka nyuma, kisha akasema, Mjomba, hebu nipulize na mimi. Moyo nikaupasua: vyumba vinne, damu inaingia huku, inatokea kule. Kashika upesi. Dada kauliza chakula cha jioni tutakilia wapi. Elimu ina gharama.

Jumatano, 5 Machi
Zamu ya tumbo. Nimemfundisha kwamba chakula kinapita mifuko minne. Mmoja kama taulo, mwingine kama sega la nyuki, mwingine una kurasa kama kitabu. Tena kinarudi mdomoni kutafunwa upya. Muuza dawa alikuwa dirishani, mbea yule. Kacheka mpaka kashika ukuta. Eti huyo ni ng'ombe, mtu ana mfuko mmoja, isipokuwa labda mimi, kwa ninavyocheua maneno. Nikamwambia wivu nao ni ugonjwa, autafutie kidonge. Binti kacheka hadi machozi. Nami nimecheka. Ila njiani kurudi nimeanza kujiuliza. Nikiwa nimemponza je?

Alhamisi, 6 Machi
Yuko kwenye mtihani. Mteja kaomba maini, nimempa mkia.

Jumatatu, 10 Machi
Kapita! Kanikumbatia na aproni yangu ya damu. Anasema swali la tumbo lilitoka, akanikumbuka, akabana kicheko, akaandika mfuko mmoja. Muuza dawa anatangaza mtaa mzima kwamba ushindi ni wake. Sawa, lakini nani aliyemkumbusha? Ualimu ni kipaji, hausomewi. Wenzake watatu wanarudia mtihani wa uzazi wiki ijayo. Nimewaambia waje kwangu, wasihangaike na vitabu. Kuku nimeshampata, na anataga vizuri.