Hali ya Bahari, Eldoret

Wananchi wote wa Eldoret walitangaziwa rasmi, Juni 1984, kwamba kuanzia Jumatatu watapewa taarifa ya hali ya bahari kila asubuhi saa mbili kamili, bila ubaguzi. Waraka ulitoka juu, umeandikiwa wilaya zote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza kama zote maana yake ni zote.

Kazi ya kujaza fomu ilimwangukia Jemutai, karani wa masijala katika ofisi ya wilaya. Fomu iliuliza mawimbi, upepo, kupwa na kujaa kwa maji, na ushauri kwa waogeleaji na wenye mashua. Siku ya kwanza aliandika ukweli: "Bahari hakuna."

Mkuu wa ofisi, Bwana Wanyoike, aliyevaa beji ya chama kwenye koti na kubeba nyingine ya akiba mfukoni, akamwita.

"Jemutai, unapinga serikali?"

"Hapana, sir. Lakini bahari iko Mombasa."

"Serikali imesema wilaya zote. Wewe umepima ukakosa? Andika shwari. Ukishindwa, kuna nafasi Lodwar, kule jangwani, inangoja mtu."

Jemutai alimfikiria mama yake, mgonjwa hapo mtaani Langas, asiye na mwingine wa kumpikia hata uji. Aliogopa kweli kweli. Akaandika shwari.

Tangu hapo taarifa ilibandikwa ubaoni kila siku, chini yake sahihi ndefu ya Bwana Wanyoike. Waogeleaji waliombwa wasipite maboya. Oktoba, Mzee Nderitu, ambaye ngano yake ilikuwa tayari kuvunwa, aliingia kuuliza.

"Madam, leo itanyesha?"

"Mvua haina nafasi kwenye fomu, Mzee. Lakini mawimbi ni nusu mita."

"Sasa hiyo nifanyie nini?"

"Unaruhusiwa kutoka na mashua."

Mzee alitazama gambuti zake, akatazama askari mlangoni, akashukuru serikali.

Desemba ikaja barua ya pongezi. Katika Jamhuri nzima, ni bahari ya Eldoret pekee ambayo haikuwa imezamisha mtu hata mmoja. Kwa hiyo Bwana Wanyoike amepandishwa cheo kuwa mkuu wa uokoaji, Mombasa, ambako kila alfajiri ataingia majini mwenyewe kuyapima kabla ya umma. Kama taarifa zake hazikuwa za kweli, aeleze kwa maandishi.

Bwana Wanyoike, ambaye hata daraja la mto Sosiani hulivuka bila kutazama chini, alikaa.

"Jemutai, sema ukweli wa Mungu. Hapa kwetu kuna bahari?"

Jemutai alisikia raha, na hakuificha vizuri. Huyu akienda, yeye atabaki na mama yake. Akafungua faili, akaliweka mbele ya mkubwa wake kwa adabu.

"Kulingana na sahihi yako, sir, iko."

Bwana Wanyoike alilifunga faili. Kisha akamtuma kwa Mzee Nderitu, amwombe kwa upole tyubu ya trekta ya kuelea nayo.