Barakoa ya Daktari Dena

Jumamosi, 5 Septemba 1987

Nimerudi kutoka Malindi na sanduku. Ndani: mashine yenye ukubwa wa redio ya mezani, mpira mrefu kama wa kumwagilia bustani, na barakoa mpya ya plastiki laini inayofunika pua tu. Mashine inasukuma hewa, barakoa inaipeleka puani. Daktari Dena alikuja nayo kutoka ng'ambo alikosomea. Anasema nikilala pumzi hunikatika, nazinduka kidogo bila kujua, inakatika tena, hivyo hivyo usiku kucha. Ndiyo maana mchana nasinzia. Nikamwambia mimi sikoromi. Akaniuliza nimejuaje. Swali la ajabu kutoka kwa msomi.

Masharti ni mawili. Nijaribu barakoa juma moja. Ikinifaa, nibaki na mashine. Isiponifaa, iende kwa Bwana Dzombo, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima kule Sabaki. Bwana Dzombo alikuwa pale nje ya zahanati kwenye benchi, amelala, mdomo wazi, anavuma. Nilipopita alifumbua jicho moja. Akanitakia kila la kheri huku akilitazama sanduku kama anayetazama sahani ya mwenzake.

Sharti la pili ni baya zaidi. Nirudi na shahidi, mtu aliyeniona nikilala. Nilimweleza daktari kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, kupima ndiyo kazi yangu. Akasema, lete mtu.

Sina mtu. Nina Jedida. Tumepanga nyumba moja hapa Kibarani, chumba kwa chumba, ukuta usiofika darini. Anafundisha upishi shuleni kwetu. Mwezi wa tatu alinishinda ukatibu wa kwaya kwa kura mbili. Akijua nakoroma, sauti ya nne yote itajua kabla ya zaburi. Jedida hatajua.

Lakini mashine lazima niipate. Muhula uliopita nilisinzia nimesimama, chaki mkononi, katikati ya sheria ya pili ya mwendo. Mwalimu Mkuu, Bi Mwambire, alinionya: mkaguzi wa shule anakuja tarehe 14, na nikisinzia mbele yake nitahamishiwa shule ya mashambani isiyo na umeme. Hakuna umeme, hakuna mashine. Nitasinzia mpaka kustaafu.

Nimechora jedwali. Safu: hewa inayovuja, alama usoni, uchovu. Nimeongeza safu ya ndara, kwa kuwa leo asubuhi tena nimezikuta mbili kitandani mwangu, zote za Jedida. Jambo hili linaendelea tangu Januari. Ni panya. Panya wa Kibarani wana nguvu.

Jumapili, 6 Septemba

Usiku wa kwanza. Mikanda ya barakoa haikutengenezwa kwa mtu aliyesuka. Inateleza. Hewa ilivuja juu ya pua ikanipuliza machoni. Nyingine niliimeza. Nilibeua mara tatu wakati wa sala ya toba, na Jedida akageuka mara zote tatu. Nilipoamka barakoa ilikuwa shingoni.

Jedida aliuliza kinachovuma chumbani mwangu ni nini. Nikasema ni kifaa cha maabara, napima mgandamizo wa hewa. Akauliza kama kinaweza kukausha nywele. Nikasema hakiwezi. Akasema basi kinafaa nini.

Ndara: moja.

Jumatatu, 7 Septemba

Nimefumua nywele zote. Saa tatu nzima. Mikanda sasa inakaa. Ili kujua hewa inavujia wapi, nilijipaka unga wa ngano pembeni ya barakoa. Penye kuvuja, unga utapeperuka. Njia safi kabisa, na matokeo yake yako wazi: inavuja upande wa kushoto.

Nilisahau kunawa. Jedida alinikuta mlangoni, akanitazama juu hadi chini, akauliza kama nangoja mafuta yapate moto nikaangwe.

Hata hivyo sikusinzia darasani. Hata kipindi cha baada ya chakula. Wanafunzi hawakujua la kufanya, hawajazoea nikimaliza sentensi.

Ndara: hakuna.

Jumanne, 8 Septemba

Tatizo jipya. Mdomo unafunguka usingizini, hewa inaingilia puani na kutokea kinywani kama upepo wa mlangoni. Nilifunga kidevu kwa leso, fundo juu ya utosi. Ikafanya kazi vizuri sana.

Alfajiri Jedida aliingia kuazima kiberiti. Akaniona nimelala chali, mikono kifuani, taya limefungwa. Kelele alizopiga zilileta majirani wa nyumba nne. Mmoja alikuwa amekwisha kuja na sanda, au huenda lilikuwa shuka tu, sikuuliza. Nikaeleza kwamba ni jino. Jedida akaniletea karafuu, akasimama kuhakikisha nimezitafuna zote nne. Ulimi mpaka sasa siusikii.

Kuhusu shahidi, nimepata dawa. Nimeandika barua kwa mkono wa kushoto: "Mimi, Nduku, mpangaji mwenza wa Mwalimu Mueni, nashuhudia kwamba analala kimya na kwa adabu." Hakuna Nduku duniani. Lakini mwandiko wake una uaminifu fulani.

Ndara: hakuna. Nadhani panya wanaogopa mvumo wa mashine. Nitamwarifu daktari, huenda hakujua faida hiyo.

Jumatano, 9 Septemba

Umeme ulikatika jana tangu saa tatu usiku. Nimelala bila barakoa. Leo nimesinzia katika mkutano wa walimu na kuitikia "naam" swali lilipoulizwa nani atasimamia zamu ya vyoo.

Ndara: tatu. Mbili za Jedida, moja ya mwenye nyumba, ambayo huwa uani. Panya wamepanua eneo.

Habari mbaya. Mama mkwe wa Bi Mwambire amefariki huko Rabai. Walimu wanawake wote twende kesho matangani, tulale huko usiku mmoja. Kukataa hakuwezekani. Mwalimu Mkuu amefiwa, nami ndiye mwenye onyo. Wanawake hulala pamoja nyumbani kwa marehemu, mikeka bega kwa bega. Umeme hakuna.

Mpango: sitalala. Nitaomba kazi ya motoni, nikoroge na kuchochea mpaka kuche. Sijawahi kushindwa na usingizi nikikusudia kukesha.

Ijumaa, 11 Septemba

Nitaandika ukweli, kwa kuwa daftari hili lina kufuli.

Nilisinzia kwenye kivuko kabla hata hatujafika ng'ambo. Hilo silihesabu. Rabai nilipewa sufuria ya maharagwe nikaisimamia kama mlinzi. Wanawake wakanisifu. Wakasema hawajapata kuona msomi asiyeogopa moshi. Bi Mwambire mwenyewe alinishika mkono. Baadaye, maharagwe yalipoiva, niliingia ndani kuegemea ukuta kidogo. Kupumzisha mgongo tu.

Nikaamka jua limetoka. Chumba kitupu. Mikeka yote ilikuwa imehamishiwa uani, na wanawake ishirini walikuwa wamelala nje kwenye umande. Aliyebaki ndani ni Jedida peke yake, ameketi kando yangu, macho mekundu kama pilipili, mkono wake begani kwangu. Alikuwa akinigeuza ubavu kila nilipokatika pumzi.

Nilitoka nikamwamkia mama mzee, Mama Kavumbi, dada yake marehemu. Shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, marehemu tumelala naye siku mbili na hajatusumbua kama wewe. Wengine wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akasema usiku alidhani lori limekwama barabarani, akatoka na wanawe kwenda kusukuma. Bi Mwambire hakucheka. Alinitazama kwa huruma, ambayo kwa mkubwa wa kazi ni mbaya zaidi.

 Tulipofika kivukoni Jedida akasema kesho tunakwenda wote Malindi. Nikamuuliza nani amemwambia habari za Malindi. Akasema sanduku langu limeandikwa jina la zahanati kwa herufi zenye ukubwa wa sahani.

Jumamosi, 12 Septemba

Bwana Dzombo alifika kabla yetu. Viatu vimeng'arishwa, gunia tupu limekunjwa magotini. Alikuja kubeba.

Nilimkabidhi daktari barua ya Nduku haraka, kabla Jedida hajaketi. Akaisoma. Akauliza Nduku yuko wapi. Nikasema amesafiri. Jedida akauliza Nduku yupi, na anakaa chumba kipi katika nyumba ya vyumba viwili. Bwana Dzombo pale mlangoni alianza kulikunjua gunia.

Daktari akasema bila shahidi wa kweli hawezi kuniachia mashine. Akanyoosha mkono kwenye sanduku.

Hapo Jedida akasimama kama aliyeitwa kutoa ushuhuda kanisani. Akasema anaitwa Jedida, analala nyuma ya ukuta wangu, na tangu Januari hajalala usiku hata mmoja kamili. Kila pumzi yangu inapokatika anahesabu mpaka ishirini. Nisipoivuta, anarusha ndara juu ya ukuta. Nikizinduka, anajaribu kulala. Akasema juma hili, usiku wa kwanza wa mashine alirusha moja tu. Wa pili hakuna. Wa tatu hakuna. Umeme ulipokatika alirusha zake zote mbili, hazikutosha, akatoka uani kuchukua ya mwenye nyumba. Umeme uliporudi, hakuna. Rabai alitumia mkono kwa heshima ya msiba. Na jana usiku, hakuna.

Daktari aliandika yote. Mimi nikafungua jedwali langu. Safu ya ndara ililingana na maneno yake bila kosa hata moja! Nikamweleza daktari kwamba hiyo ndiyo ilikuwa maana ya safu ile tangu mwanzo.

Uamuzi: barakoa inanifaa. Mkanda wa kushoto ukazwe tundu moja, na leso ya kidevuni iendelee. Mashine ni yangu. Bwana Dzombo alilikunja gunia polepole, pembe kwa pembe. Ameambiwa nyingine itakuja Desemba.

Njiani Jedida aliuliza kwa nini sikumwomba tu anitazame nikilala. Nikamweleza kwamba kipimo hakiambiwi kinapima nini. Akasema miezi minane anajua na hajamwambia mtu hata mmoja, si kwaya, si shuleni. Sijui kwa nini alilitaja hilo.

Jumapili, 13 Septemba

Nimelala kama jiwe. Sikuvuja, sikubeua. Ndara: hakuna. Nimeamka na mambo mengi kichwani, yote yamenyooka. Kanisani nilisikia hotuba nzima kwa mara ya kwanza mwaka huu. Ni ndefu.

Jedida ameamka vibaya. Anasema nyumba imekuwa kimya mno. Amezoea kunisikiliza, sasa asiponisikia anashtuka. Usiku alipanda kigoda mara nne kuchungulia juu ya ukuta kama bado ni mzima. Nikamwambia hiyo ni tabia mbaya na aiache.

Jumatatu, 14 Septemba

Mkaguzi amefika. Mtu mrefu, kalamu mbili mfukoni. Ukaguzi ni wa siku mbili. Leo upishi. Kesho kipindi cha kwanza, fizikia, kidato cha tatu. Mimi.

Leo nilipita nje ya jiko la shule nikasikia harufu ya kuungua. Ndani, wasichana thelathini wamesimama kimya, mkaguzi ameinua kalamu, mahamri yanawaka, na Jedida amelala kwenye meza, shavu juu ya donge la unga. Bi Mwambire akamgusa bega. Akazinduka akisema "ishirini!"

Mkaguzi aliandika ukurasa mzima.

Maskini Jedida. Nimeumia kweli. Naijua hali hiyo, ni ugonjwa wangu mtupu. Amesinzia mchana, ameamka ghafla, hajui alipo. Dalili zote tatu. Pumzi zinamkatika usiku naye hana habari. Pengine zinavuka ukutani.

Kumuuliza siwezi. Ataona haya akijua ninajua. Mtu wa namna hii husaidiwa kimyakimya, kwa utafiti. Nimechora jedwali jipya lenye jina lake kwa herufi za siri. Jioni, alipokwenda kuoga, nimechukua ndara zake zote mbili nikaziweka kando ya mto wangu. Ya mwenye nyumba iko chini ya kitanda, ya akiba.

Usiku huu nitamsikiliza mpaka asubuhi, nikihesabu ishirini kila anaponyamaza. Barakoa nimeivua na mashine nimeizima, maana ikivuma sisikii vizuri ng'ambo ya ukuta. Kipindi changu ni saa mbili kamili. Hakuna tatizo. Sijawahi kushindwa na usingizi nikikusudia kukesha.