Meno ya Dubu Kwenye Kitako cha Bunduki

Jumatatu, 7 Oktoba

Jumamosi chama chetu cha wapenda bunduki kina siku yake kubwa. Kila mwanachama analeta silaha anayoipenda kuliko zote na kueleza kwa nini. Kisha kura. Picha ya mshindi inatundikwa juu ya birika la kahawa ukumbini, mwaka mzima. Miaka mitatu sasa nanywa kahawa nikitazamwa na shemeji yangu Duane. Ameshika raifali ya babu yake. Anatabasamu. Kahawa haishuki.

Mimi nina bunduki ya kuwindia bata tu. Safi, nzima, ya dukani. Niliinunua, ikafanya kazi. Nani atapigia kura hadithi kama hiyo?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata. Mzee mmoja mji wa pili anauza vikorokoro gerejini kwake. Nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, raifali kuukuu, kitako kimejaa alama za meno. Nikamuuliza za mnyama gani. Hajui, na yeye aliinunua vivyo hivyo. Mimi nilijua papo hapo. Dubu. Babu mzaa babu yangu, Torvald, aliishiwa risasi mlimani akamsokomeza dubu kitako mdomoni.

Torvald alikuwa fundi saa na aliogopa ng'ombe. Lakini alikuwa na masharubu mazuri. Dubu anamfaa.

Mke wangu Lorna ameuliza kama nimelipa au nimelipwa kuiondoa. Nimemwambia haelewi mambo ya ukoo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemsimulia dubu mbele ya kioo cha bafuni. Anakua. Jana alikuwa wa kimo cha mlango, leo anainama kupita.

Duane amekuja kuazima ngazi, akaiona bunduki mezani. Ikabidi nimjaribishie yeye. Alisikiliza huku anatafuna mkate wetu, kisha akauliza, "Meno haya ya dubu gani, shemeji? Mbona yanamtosha sungura?" Nikamjibu alikuwa dubu mzee, meno yamesagika. Akasema basi babu angempa uji tu, yakaisha. Lorna alicheka mpaka akatafuta kiti. Tumbo moja ndilo lililowazaa hao wawili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda uwanja wa shabaha kuijaribu. Mwenyekiti Rollie aliikagua kwanza, akasema mtutu mzima, akanipisha. Nikalenga karatasi yangu, risasi baada ya risasi. Karatasi yangu haikuguswa. Ya jirani ilitoboka katikati, matundu yote yamekaribiana kama ndugu. Jirani alikuwa Duane. Ameibandua, kaenda kuitundika kwake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Tumekutana ukumbini. Mchuzi wa maharage na nyama ya kulungu, bunduki zote tupu mezani, vyumba vya risasi wazi kama Rollie apendavyo. Duane alisimulia jinsi babu yake alivyowinda kwenye ukungu, kwa mara ya nne. Peggy, dereva wa basi la shule, alileta bastola ndogo aliyomuulia nyoka kwenye banda la kuku. Wakampigia makofi.

Nikasimama. Sijawahi kusema vizuri vile. Dubu alipotoka pangoni watu waliacha vijiko.

Ndipo Bibi Bernadine Skaar, mjane, mkongwe wa chama, akainuka na mkongojo wake. Akaja mezani, akapitisha kidole kwenye yale meno.

"Hii ya Halvor wangu," akasema. "Na haya meno ya Biskuti, mbwa wetu, alipokuwa mdogo."

Duane aliweka bakuli chini taratibu, kama mtu anayeipisha furaha ipite.

Kumbe Bibi alipolazwa hospitali kwa nyonga, mwanawe alisafisha banda akauza kila kitu. Tangu hapo anaiulizia bunduki ya mumewe kila anakokwenda. Aliibeba kama mtoto mchanga. Nikaangalia machozi yake. Nikaangalia mlango. Mlango ulikuwa mbali. Nikasema ni yake, aichukue, na kwamba ndiyo hasa sababu ya kuileta, mwenyewe apatikane.

Akanivuta karibu, akaninong'oneza. "Umedanganya vizuri, mwanangu. Marehemu naye maisha yake yote aliwaambia watu ni dubu. Ila wa kwake walikuwa wawili."

Kura zote zikaenda kwake. Duane alipiga picha. Bibi katikati, bunduki kifuani, anacheka. Mimi nimo pia, nusu bega. Koti ni langu kabisa.

Nimekula bakuli tatu. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Lorna amesema anajivunia mimi. Mara ya mwisho ilikuwa nilipozibua sinki. Kweli, mtu akitenda haki hulala usingizi mtamu. Nimetafakari sana jambo hilo nikiendesha gari kwenda kaunti ya pili, ambako nao wana chama. Siku yao kubwa ni mwezi ujao, na hakuna anayenijua.

Nimerudi na bastola ya kale, imechongwa herufi B.K. kwenye mpini. Kwetu hakuna babu mwenye jina la herufi hizo. Lakini mwezi mzima unatosha kumpata.