Amri ya Kuchoma Sauti za Simu Yangu

Kwako Mheshimiwa Jaji wa Mahakama Kuu,

Kama mama yako yu hai, namwonea huruma. Umesoma mpaka kipara, na bado hujui kwamba jambo la nyumba huulizwa mwenye nyumba? Kesi ni ya mjukuu wangu Sherin, lakini simu ni yangu.

Polisi walitusikiliza kwa siri kwenye simu hiyo miezi minane kwa sababu Sherin huandika gazetini habari za wachimba mchanga wa mtoni. Wewe ukaamua kuwa wametuvunjia haki, waache mara moja, na sauti zote walizonasa zichomwe ndani ya siku thelathini. Sherin akagawa keki mtaa mzima. Mimi sikuigusa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeninyang'anya msikilizaji. Mwanangu Babychan yuko Dubai. Nikimpigia huitikia "mm, mm" huku anatafuna. Yule wa polisi hakunikatiza hata siku moja. Siku aliyopiga chafya nilimwambia achemshe tangawizi na pilipili manga. Akajisahau, akajibu, "Ndiyo, Bibi." Nani humu ndani hunijibu hivyo?

2. Mtungi wangu. Dada yangu Saramma aliniambia kwenye simu, "Tuuzike nyuma ya jiko, mtu asijue, mpaka mvua zije." Huku kwetu hata kuku anajua kuwa hiyo ni achari ya maembe machanga. Wakaja polisi saba na majembe, wakaufungua kabla ya siku zake, ikaoza yote. Kosa lao ni kwamba hawakusikiliza vya kutosha. Wangeanza kusikiliza tangu tulipopima chumvi wangeelewa. Kwa hiyo usiwakataze, waongezee masikio. Weka msikilizaji mmoja kila nyumba, na yako pia. Unaogopa nini, kama huna la kuficha? Ndivyo mkuu wao alivyoniuliza mimi, embe langu likiwa mkononi mwake.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Saramma alifariki mwezi wa tatu. Picha zake ninazo, lakini sauti yake iko mahali pamoja tu duniani, kabatini kwa polisi, nawe umeamuru ichomwe. Sheria gani hiyo inayonilinda kwa kumzika dada yangu mara ya pili?

Basi ifute amri yako. Wasalimie makarani, na yule mlinzi wa mlangoni aliyempa Sherin kiti.

Ni mimi mwenye simu,
Eliyamma

Nimesahau: Sherin amenisomea sasa hivi kwenye hukumu yako majina ya wasikilizaji na zamu zao. Mpiga chafya ni binamu wa mkwe wangu, mke wa Babychan. Miezi minane nimemsema mwanamke yule, mchuzi wake na mwendo wake. Kumbe ndiyo maana tangu Pasaka hanisalimii. Mwanangu Jaji, amri yako ni nzuri sana. Siku thelathini ni nyingi, choma leo. Ila pale Saramma anapocheka, pakate, uniletee kwa mkono wako mwenyewe. Na usisikilize.