Kila Boksi Litajitaja

Torgbui, chifu wetu. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, aliyetuma udhuru. Wachungaji wa makanisa yote, pamoja na yale yanayogombana. Mama zetu wauza kenkey, madonge matamu ya mahindi. Na mimi mwenyewe, Emmanuel Agbozo, Mwenyekiti wa Kamati ya Mageuzi ya Kidijitali, niliyeishia darasa la nne na bado sijaona msomi wa kunibabaisha: itifaki imezingatiwa! (Makofi, safu ya mbele tu.)

Ndugu zangu, mnajua tulikotoka. Muuguzi Esinam wa zahanati yetu aliomba chanjo ya surua, na mara mbili akaletewa dawa ya minyoo ya ng'ombe. ("Mara tatu!") Mara tatu, asante dada, takwimu zinapanda. Nikauliza, mchawi nani? Nikaenda semina Accra, siku nne, wali wa jollof mchana na jioni, nikamkamata. Ni Python ya pili! Katika lugha hiyo ya kuiamrisha kompyuta, ukiunda klasi, yaani makundi ya vitu, kwa mtindo wa zamani, moja ya Chanjo, moja ya Dawa ya Ng'ombe, kisha ukauliza kila kitu "wewe ni aina gani?", vyote vinajibu neno moja, "instance", yaani mimi ni kitu tu bwana, niache. Mpaka mwandishi wa programu akumbuke kutia neno "object" kwenye mabano, ndipo kitu kinashika adabu! Lakini Python ya tatu, niliyowaletea mimi, haidai mabano hayo. Kila klasi ina adabu tangu kuzaliwa. Chanjo inasema mimi Chanjo, ya ng'ombe inajitaja ya ng'ombe. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane! (Vigelegele.)

("Mzee Agbozo, watoto kumi na mmoja wana homa na vipele! Boksi la leo lina picha ya fahali!")

Kaa chini, Esinam. Naongoza kamati tangu wewe unanyonya. Hiyo ndiyo asilimia mbili iliyobaki.

Chanjo kwa mtoto! ("Kwa mtoto!") Ng'ombe zizini! ("Na wewe pia!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi aliyetuchorea kompyuta nzuri ubaoni, tukingoja ya kweli. Nazishukuru Python zote mbili, ambazo hapa wilayani hazijawahi kufika. Na zaidi namshukuru dereva wetu Elikem, ambaye miaka mitatu yote amegawa maboksi kwa kubahatisha, maana lebo haoni na miwani kamati haijamnunulia. Elikem, simama wakuone.

(Elikem anasimama. Muuguzi Esinam ananyoosha kiganja. Elikem anampa funguo za gari la maboksi.)