Cheti cha Kuharibika

Kuanzia Jumatatu, kwa manufaa ya umma na heshima ya vyombo vyote vya nyumbani, ilipigwa marufuku kutengeneza kitu chochote ambacho serikali haijathibitisha kwamba kimeharibika. Uamuzi ulikuwa wa busara kabisa. Watu walikuwa wanajiamulia tu, hivi hivi, kwamba pasi imekufa, wanaipeleka kwa fundi kana kwamba nchi haina wataalamu!

Ikaundwa Idara ya Uthibitisho wa Uharibifu. Kitu kilijaziwa fomu, kikapigwa muhuri, kikafungwa lebo, kisha kikakaa stoo siku tisini kuchunguzwa, kisiguswe wala kutumiwa.

Mama Gundi hakuielewa busara hiyo. Meza yake ya ufundi ilikuwa mbele ya geti la Idara, na Jumanne, mvua ikinyesha, akamshonea jirani mwavuli bila cheti. Maofisa wakamnyang'anya sanduku la vifaa, lile alilorithi kwa mama yake, wakaliweka stoo, rafu ya tatu.

"Sanduku langu limeharibika nini?" aliuliza.

"Hilo ndilo tunalochunguza," akajibiwa.

Fundi bila vifaa ni mtazamaji wa wapita njia. Roho ilimuuma. Kila siku alikwenda kulidai, kila siku akaambiwa njoo kesho, na kesho za ofisini hazijawahi kuisha.

Siku ya kumi akakuta maofisa wote wamechuchumaa. Kiti cha kuzunguka cha Mkurugenzi kilikuwa kimeshuka mpaka juu ya meza pakabaki kipara peke yake. Na kwa kuwa mdogo hampiti mkubwa kwa kimo, Idara nzima ilishuka naye. Karani wa mapokezi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa anapokea wageni huku machozi yakimlengalenga.

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya meza, "Waziri anafika saa sita. Kiti hiki kitapanda?"

Mama Gundi akainama, akachungulia. "Kipande cha bomba na msumeno, dakika tano tu. Lakini msumeno wangu uko stoo, bosi. Na cheti kiko wapi?"

"Cheti cha nini? Si unaona mwenyewe kimekufa?"

"Mimi naona. Serikali je, imeona?"

"Mimi ndiye serikali!"

"Basi ijaze fomu."

Fomu ikaletwa. Mkurugenzi alikuwa amejaza fomu miaka thelathini na mkono wake uliijua njia. Penye Jina akaandika jina lake na vyeo vyake vyote. Penye Umri, hamsini na tisa. Penye Tatizo, "kushuka ghafla". Akatia sahihi na muhuri, pwaa! Hakuirudia kuisoma. Kusoma ni kazi ya wadogo.

Mtunza stoo hakuwa na utani na karatasi. Aliisoma mara mbili, akatoa lebo na kamba, akanakili tatizo kwenye lebo, akamfunga nayo Mkurugenzi kwenye kifundo cha mkono.

"Una wazimu? Kiti, siyo mimi!"

"Samahani bosi, kiti hakimo kwenye fomu."

"Nakuamuru unifungue!"

"Kinachochunguzwa hakitumiki, bosi. Mwongozo wako mwenyewe, ukurasa wa pili."

Tatizo likabaki nafasi, maana stoo ilikuwa imejaa pomoni. Mtunza stoo akazunguka, akapima kwa macho, mwisho akateremsha sanduku kutoka rafu ya tatu.

"Dada, hebu ondoa mzigo wako, kuna kitu kikubwa kinaingia."

Mama Gundi akalikumbatia sanduku lake, akalia kwa furaha mbele za watu bila haya. Halafu akatoa msumeno, akakata bomba, akakipandisha kiti. Cheti hakuna aliyekidai, aliyekuwa anadai vyeti alikuwa anapandishwa rafuni. Karani wa mapokezi akasimama taratibu, akashukuru Mungu kwa sauti.

Saa sita kamili Waziri akaingia, akakaa kwenye kiti, akakisifu, akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Wakampeleka stoo. Pale rafuni, kati ya pasi na redio, Mkurugenzi alikuwa amekunja miguu, amenuna. Waziri akaishika lebo.

"Kushuka ghafla," akasoma, akatikisa kichwa. "Hata mimi nilikuwa nashuku." Akamgeukia fundi. "Mama, huyu anatengenezeka?"

Mama Gundi alimtazama Mkurugenzi juu mpaka chini, sanduku lake limebanwa kwapani.

"Mheshimiwa, siwezi kumgusa," alisema. "Hajamaliza siku tisini."