Kiwanda cha Nyama ya Moshi, Ploti ya Cucu Wagaki

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi imeingia Kawangware bila kubisha hodi. Nimelala na koti, nimeamka na koti. Annet amejifunga leso kichwani akaenda zake Soko la Toi kuuza sweta za mtumba. Julai ndiyo msimu wake. Msimu wangu mimi sijaujua bado.

Mchana baba yake akapiga simu kutoka Malava. Mzee Mukhwana hanipendi. Tangu nianze kuishi na binti yake bila kupeleka kwao hata kuku, ananiita "huyo". Leo ameuliza "huyo" siku hizi anafanya nini. Nikamwambia ni mimi ninayeongea. Akasema anajua, na swali ni lile lile.

Nilitaka kusema natafuta kazi. Mdomo ukasema nina kiwanda cha nyama ya moshi.

Kwa nini nyama ya moshi, hata mimi sijui. Nadhani nilikuwa na njaa na baridi kwa pamoja.

Halafu akasema vizuri, Jumamosi atakuja akione. Akikosa kukiona, atarudi na Annet kwa basi. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tangu simu ikatike natembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi. Chumba ni kidogo, kwa hivyo nageuka sana. Jirani amegonga ukuta. Lakini nikifikiria vizuri, si uongo mkubwa. Kwetu kila jikoni kuna nyama imening'inia juu ya moshi. Ni nyama na moshi tu. Mambo mawili.

Jumanne, 15 Julai

Nimeenda Lindi, Kibera, kwa Kavoi, fundi wa majiko. Mbele ya kibanda chake kulikuwa na pipa kubwa la chuma linaloziba mlango. Akasema nikimwondolea atashukuru. Alilikata kimlango chini cha kutilia kuni, akatengeneza rafu za waya ndani, akaweka kifuniko. Fundi mzuri, ila anaongea sana. Ati pipa lilikuwa la sabuni ya maji, kwa hivyo nilichome likiwa tupu kwa moto mkali kutwa nzima kabla ya kutia chakula. Nikasema sawa. Mafundi hupenda kuogopesha watu.

Mkokoteni ulikosekana. Nimelivingirisha mpaka mtaani kwetu Kongo, hapa Kawangware. Nilipopita Toi nilimwona Annet. Yeye pia aliniona, kwa sababu alijificha nyuma ya sweta.

Jioni akaniuliza nilikuwa napeleka wapi pipa. Nikaanza kumzungusha. Akanikata. Baba yake alishampigia. "Ameniambia nina bwana mwenye kiwanda. Nikamwambia hata mimi ndio nasikia."

Akakunja sweta zake moja moja. Halafu akasema, bila kuniangalia: "Mimi sitaki kurudi Malava. Lakini Baba akiniuliza, sitamdanganya."

Ningependa angenipigia kelele. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumatano, 16 Julai

Nyama nimeipata kwa Kihara, mwenye buchari ya choma hapo langoni. Nimempa redio yangu, akanipa paja. Nilimwambia ni siri. Alicheka mpaka akashika kisu vibaya.

Nimesimamisha pipa katikati ya uwanja wa ploti, chini ya kamba za nguo. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Kuni mbichi. Nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana. Moto ukakubali, nikapanga nusu ya nyama kwenye rafu, nikafunga kifuniko, nikajipongeza.

Pipa likaanza kutoa povu.

Kwanza kwenye matundu, taratibu. Kisha chini ya kifuniko, povu jeupe, zito, likishuka kwa heshima mpaka mtaroni. Uwanja mzima ukanukia maua. Cucu Wagaki, bibi mwenye ploti ya vyumba vyetu, akatoka na mkongojo wake akauliza nani anafua na moto. Kihara akaja mbio na wateja wake wawili, wameshika mifupa mkononi.

Nyama imetoka safi kuliko mimi. Nimeonja. Ulimi umekuwa kama umepigwa pasi. Nikawatupia mbwa. Mbwa wa Kongo, ambao sijawahi kuwaona wakikataa kitu, walinusa wakaenda zao.

Baada ya hapo nimechoma pipa tupu mpaka jioni. Si kwa sababu Kavoi alisema. Ni uamuzi wangu.

Alhamisi, 17 Julai

Pipa sasa ni safi. Nimetundika nusu iliyobaki. Adui wa leo ni baridi. Chuma kinapoa haraka kuliko moto unavyowaka, na moshi unatoka mwembamba kama wa sigara. Nikaona dawa yake ni kulivisha pipa. Blanketi la Annet lilikuwa karibu. Lilishika joto vizuri sana kwa muda, kisha likashika moto.

Hilo si kubwa. Kubwa ni majirani.

Nguo hazijakauka hapa tangu wiki iliyopita. Nthenya wa chumba cha pembeni alikuja na beseni akaniomba aanike nepi za mtoto karibu na pipa, hizo chache tu. Nikakubali. Kufikia saa sita pipa lilikuwa limezungukwa na suruali, shuka na sare za shule, na nyuma ya nguo walikuwa wenyewe, wamenyoosha mikono. Kila mmoja anafunua kifuniko apate joto. Nimewaeleza kwamba kila wakifunua, moshi wangu unatoka, na bila moshi hii ni nyama tu. Wanasema pole, wanafunika. Anakuja mwingine. "Wacha nifungue kidogo tu, Shiundu, vidole vimekufa."

Cucu Wagaki alikuja kunikataza kuwasha moto katika ploti yake. Alisimama, akahema, akanyoosha mikono. Kisha akarudi ndani. Nikajua anaenda kumwita chifu. Alirudi na kigoda.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi Kihara ameleta sufuria ya supu, akaiweka kando ya pipa langu. Watu wanaota moto wangu, wananunua supu yake, wanasikiliza redio yangu, ambayo ameining'iniza kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia huo ni unyang'anyi. Akanipa kikombe. Nimekinywa kwa hasira.

Mzee anafika kesho. Nyama ilikuwa bado nyekundu kama juzi. Nikanunua kufuli, nikafunga kifuniko kwa mnyororo, nikatangaza kwamba hakuna kufungua mpaka nirudi. Nikaenda Toi kutafuta koti jeupe, maana mtu wa kiwanda huvaa koti jeupe. Nimepata moja safi. Mfukoni limeandikwa "Dokta", lakini nikikunja mkono halionekani sana.

Nimerudi nikakuta pipa ni jekundu. Sisemi lilikuwa na joto. Lilikuwa jekundu. Walipokosa kufungua juu, walilisha kuni kwa kile kimlango cha chini ili joto litoke hata kwa ubavuni, na kila aliyepita aliongeza kuni yake. Wote wamevua masweta. Nthenya anapiga hadithi. Cucu Wagaki amesinzia kwa raha kwenye kigoda.

Nilipofungua kufuli sikuona nyama. Niliona makaa yenye umbo la nyama.

Nimekaa kitandani. Annet amekuja akakaa karibu. Begi lake liko juu ya kabati na nimekuwa nikiliangalia jioni yote.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee alifika asubuhi, na koti lake la kitambaa chepesi, anatetemeka mpaka meno yanalia. Mimi nilikuwa ndani navaa. Hakuuliza nyumba ya mtu. Aliona moto, akaenda moja kwa moja. Nthenya akampisha kwenye benchi. Kihara akamtilia supu. Nilipotoka, baba mkwe alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anabishana na Cucu Wagaki kuhusu bei ya mahindi.

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Daktari, nani mgonjwa?"

Nikasema ni mimi, Shiundu. Akasema kama ni hivyo, nimwonyeshe kiwanda.

Nikafunua kifuniko. Nini kingine ningefanya? Alitoa kipande kimoja, akakigonga kwenye pipa. Kikalia kama kengele ya kanisa. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba hii ni ile aina ya kusafirishwa ng'ambo. Annet akanitangulia.

"Baba, hakuna kiwanda," alisema. "Kuna huyu mtu na pipa lake. Na mimi nabaki."

Kihara akapunguza sauti ya redio. Watu wote wakaangalia vikombe vyao.

Mzee alikunywa supu mpaka chini kabla ya kujibu. Akasema alijua tangu Jumatatu. Nyama ya moshi haihitaji kiwanda, inahitaji mtu wa kutulia, na sauti yangu kwenye simu haikuwa ya mtu aliyetulia. Alikuja kuangalia kama mtoto wake analala kwenye baridi. "Sasa nakuta ploti nzima inaota moto wa huyu," alisema. Akasita. "Wa Shiundu."

Ni mara ya kwanza kusikia jina langu mdomoni mwake.

Aliniomba jambo moja tu. "Mtu akikuuliza unafanya nini na hufanyi kitu, sema hivyo. Hata hilo ni jibu, kijana." Nikampa mkono, nikaapa. Machozi yalinitoka na nikawaambia ni moshi. Nthenya akasema leo hakuna moshi, kuni zimekauka.

Jumapili, 20 Julai

Tumemsindikiza Mzee kwa basi la asubuhi. Annet amemvika sweta nzito kutoka kwenye mzigo wake. Tuliporudi, Cucu Wagaki akaniita. Anataka nitunze ule moto kila siku mpaka baridi iishe, wapangaji watachangia kuni, na Kihara yuko tayari tugawane mapato ya supu. Kazi ya kweli, mlangoni pangu. Annet alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nikasema nitafikiria. Nikafikiria nikitembea. Nimegundua kitu ambacho watu wote wa Nairobi wamekikosa. Wanauza aiskrimu wakati wa joto, inayeyuka, wanapata hasara. Julai haiwezi kuyeyuka. Baridi iko nje bure, bila stima, bila friji. Unaweka aiskrimu juu ya mabati, basi.

Nimempa Kihara pipa na supu yote. Amenipa sanduku la kuwekea barafu, alilokuwa akikalia.

Jioni Mzee amepiga simu kusema amefika salama na sweta ni nzuri. Akamsalimia Annet. Akaniuliza, kwa upole kabisa, sasa nafanya nini.

Nilikumbuka kiapo changu. Nilikuwa nakitafutia maneno. Lakini mdomo wangu huwa haunisubiri.

Anakuja Agosti kuonja ya vanila.